"Wakichimba" au "wangechimba"? Swali kuhusu taka za nyuklia zilizofukiwa

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naandika makala kuhusu ghala la taka za nyuklia la Marekani, lile la WIPP lililo chini kwenye chumvi kule New Mexico, na namna wataalamu wanavyopima hatari ya watu wa baadaye kuja kulitoboa. Niliandika "watu wakichimba hapo miaka 3,000 ijayo, mionzi itatoka". Mhariri kafuta, kaweka "watu wangechimba hapo, mionzi ingetoka", anasema mambo ya miaka 3,000 ijayo ni ya kudhania tu kwa hiyo lazima iwe -nge-. Halafu "uingiliaji wa binadamu", niliyoitafsiri kutoka Kiingereza "human intrusion", kaiacha ilivyo. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba. Kwenye -ki- uko sahihi wewe, na hiyo "uingiliaji" aliyoiacha ndo alitakiwa aifute.

Tuanze na -nge-. Mhariri wako anachanganya kitu kilicho mbali na kitu kisichokuwepo. -ki- haijali umbali wa muda hata kidogo. Mzee anasema "nikifa mnizike Lamu" na hajui ni kesho au baada ya miaka 40, ila hakuna anayesema "ningekufa mnizike Lamu", maana "ningekufa" ni ya yule aliyeponea chupuchupu kwenye ajali, yaani hakufa. -nge- inamwambia msomaji kwamba hali halisi siyo hiyo, au kwamba hatuitegemei. Sasa ukiandika "watu wangechimba" umeshamnong'oneza msomaji kwamba hawatachimba, na hapo ndo makala yako inageuka uongo, kwa sababu tathmini ya WIPP inasema kinyume chake kabisa.

Angalia wanavyohesabu. Ghala liko mita kama 655 chini ya ardhi karibu na mji wa Carlsbad, limeanza kupokea taka mwaka 1999, taka zenyewe ni glovu, nguo za kazi, vyuma na vifaa vilivyochafuliwa na plutoniamu, metali yenye mionzi, kwenye viwanda vya silaha za nyuklia. Chumvi inajibana yenyewe taratibu mpaka inazifunika, hilo zuri, tatizo ni jirani zake: pale kuna mafuta, gesi na potashi (madini ya kutengenezea mbolea), kwa hiyo wachimbaji hawajawahi kukosekana. Kanuni za shirika la serikali la mazingira, EPA, zinataka hesabu ya miaka 10,000, na zinakataza kutegemea walinzi na uzio kwa zaidi ya miaka 100 baada ya ghala kufungwa. Baada ya hapo lazima ukubali kwamba watu watatoboa, na watatoboa kwa kasi ileile ambayo visima virefu vimechimbwa kwenye bonde zima la Delaware (eneo la mafuta lilipo ghala, siyo lile jimbo la Delaware) kwa miaka 100 iliyopita. Kwenye maombi ya 1996 ya kupata idhini ya EPA kasi hiyo ilitoka visima 46.8 kwa kila kilomita moja ya mraba kwa miaka 10,000. Visima 46.8! Hapo huulizi tena kama watachimba, unauliza wakichimba kitapanda nini na yale matope ya kuchimbia, yanayozungushwa kisimani kutoa vipande vya mwamba, na je, hicho kisima kimeshuka zaidi mpaka kwenye yale maji ya chumvi yenye presha yaliyo chini ya ghala au kimeishia kwenye taka.

Ndo maana -ki- inakaa vizuri sana, kwa sababu inabeba "ikitokea" na "kila inapotokea" kwa pamoja, na hesabu yao nayo iko hivyohivyo. Sehemu nyingine hata "watakapochimba" naikubali bila ubishi.

Ila mhariri tusimnyime yote. Ipo sentensi moja ambayo -nge- yake ni ya lazima: "wangejua kilichopo chini wasingechimba." Hesabu nzima imesimama juu ya mtu asiyejua. Mpango upo wa kusimamisha nguzo za granaiti zenye maonyo kwa lugha saba, Kiingereza, Kihispania, Kirusi, Kifaransa, Kichina, Kiarabu na Kinavajo (Kiswahili hakimo, na kwa eneo lile sioni cha kulalamika), lakini nani atazisoma mwaka 9000 hilo ni jambo jingine. Na ukirudi nyuma kwenye historia tumia -ngali- kama unaipenda: "pasingalikuwa na chumvi, wasingalipachagua". Siku hizi wengi wanasema -nge- hapo pia na mimi sigombani nao, ila usizichanganye mbili kwenye sentensi moja, "pasingekuwa... wasingalipachagua" inakwaruza sikio.

Sasa "uingiliaji wa binadamu". Jamani. Kumwingilia mtu kwa Kiswahili kila mtu anajua ni nini, na kichwa cha habari "hatari ya kuingiliwa na binadamu" kitasomwa sana lakini siyo kwa sababu unayoitaka. "Uvamizi" nao hapana, mvamizi anakuja kwa makusudi, wakati kanuni zinamwangalia mtu anayetafuta mafuta yake tu hana habari, yule wa makusudi hawamuweki kwenye hesabu. Andika "kutobolewa bila kujua" au "watu kulichimba bila kujua", inatosha.

Na "hatari" igawe. Ofisi nyingi za serikali Tanzania sasa zinaandika "vihatarishi", sawa, ila humu kuna vitu viwili: uwezekano wa ghala kutobolewa, ambao ni mkubwa, na kiasi cha mionzi kitakachofika juu, ambacho ndicho kinachowekewa kikomo. Ukisema "hatari ni kubwa" msomaji hajui unazungumzia kipi.

Kwa hiyo ile sentensi yako ingekuwa: "Watu wakichimba hapo miaka 3,000 ijayo bila kujua, sehemu ya taka inaweza kupanda juu pamoja na matope ya kuchimbia." Ile "itatoka" yako nimeibadilisha, maana siyo kila kisima kitakachogonga taka.