Umekutwa na kirusi, haya, na jirani yako je?

Wiki hii meseji karibu zote zina wimbo mmoja, "nimekutwa nacho". Nimechagua nne. Zile za kupiga picha karatasi ya majibu gizani halafu "dokta nisaidie" nimefuta, mimi sio dokta, nilikuwa mtu wa maabara, nshasema mara mia.

Nimepima kirusi cha EBV, kingamwili ya IgG imekuja chanya na namba iko juu. Ndio maana nachoka kila siku? (Sahare)

Sikiliza kaka. Ukikamata wezi kumi hapa Ngamiani ukakuta tisa wana baiskeli, utasema baiskeli ndio inafundisha wizi? Si utauliza kwanza wasioiba wangapi wanazo, na kwa Tanga hii jibu unalijua, mwalimu anayo, shehe anayo, muuza samaki wa Deep Sea anayo. EBV ndio hivyo hivyo, zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wanacho, na huku kwetu wengi wanakipata wakiwa watoto wadogo, kikishaingia hakitoki, kinalala kwenye chembe nyeupe za damu mpaka unazikwa nacho. IgG inasema tu mwili ulishakutana nacho. Haisemi lini, na haisemi kwamba ndicho kinachokuchosha leo.

Sio kwamba ni malaika. Mwaka 1964 kina Epstein, Achong na Barr walikikuta kwenye uvimbe wa taya wa watoto wa Uganda, ule alioueleza daktari Burkitt, na mchango wake kwenye ule uvimbe haubishiwi. Lakini watoto wenye kirusi ni karibu wote na waliopata uvimbe ni wachache mno, malaria ya kurudiarudia nayo ina mkono wake pale, kirusi peke yake hakikutosha. Na hata ukilinganisha wagonjwa na wazima unaweza kuchemka: 2009 wataalamu Marekani walitangaza kirusi kinaitwa XMRV kwa wagonjwa 68 kati ya 101 wa uchovu sugu, kwa wazima 8 tu kati ya 218, watu wakashangilia, kumbe ni uchafu wa maabara, 2011 jarida likaifuta ile makala.

Juzi barazani mzee mmoja kanitolea karatasi mfuko wa shati, imekunjwa mara nne, ina mafuta ya kachori, IgG imezungushiwa peni nyekundu na pembeni wamemwandikia dawa ya "kusafisha virusi" laki na nusu. Kauza baiskeli kainunua. Nikamuuliza, babu, sukari umepima? Wingi wa damu? Hajapimwa hata kimoja! Na wewe kaka kaanzie huko huko.

Damu imeonyesha herpes, nimeolewa miaka sita, mume wangu kaitoa wapi? (Makorora)

Dada, hebu tulia kwanza. Herpes ni kirusi cha malengelenge, lakini ipi? Karatasi yako umeikata hapo hapo panapotakiwa. Kama ni aina ya kwanza, Shirika la Afya Duniani linakadiria watu bilioni 3.8 walio chini ya miaka 50 wanayo, wengi wameipata utotoni kwa kubusiwa na shangazi mwenye malengelenge mdomoni. Aina ya pili ndio hasa ya ngono, lakini nayo inakaa kimya miaka, anaweza kuwa nayo kabla hamjajuana, unaweza kuwa nayo wewe. Hakuna kipimo cha damu kinachotaja jina la mtu. Na nawaambia wanaouza vipimo hivi kwa mtu asiye na kidonda wala dalili, ndoa za watu mnazivunja kwa elfu arobaini.

Nina kirusi cha HPV, ndio kansa hiyo? (Pangani)

Hapana. Wengi wanaofanya ngono wanaipata, na kwa wengi inaondoka yenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Zile zinazogoma kutoka, hasa aina ya 16 na 18, ndio zinaleta kansa ya mlango wa kizazi, kwa hiyo nenda ukapakwe siki kwenye mlango wa kizazi waangalie, na binti yako akachanjwe, chanjo inatolewa nchi nzima tangu 2018 na bado watu wanawaficha watoto siku ya chanjo.

Wewe si unasema virusi kila mtu anavyo, basi homa ya ini B naipuuza, niko fiti. Au nimeze amoksilini? (Chumbageni)

Nimesema wapi? Hiyo HBsAg kwenye majibu yako ya homa ya ini B sio kumbukumbu kama IgG, maana yake kirusi chenyewe kimo, kikipita miezi sita ni sugu, na ini linaweza kuoza kimya kimya huku unacheza mpira Tangamano. Kapime utendaji wa ini na wingi wa kirusi, mke na watoto wapimwe wachanjwe, wiki hii, usisubiri macho yawe manjano. Na hapana, amoksilini haisaidii.