Hawakatwi ada, yakiwakuta wananipigia mimi

SWALI: Shikamoo dada. Mimi katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi kiwandani huku Chang'ombe. Wengi wetu tunakatwa ada, unaiona kabisa kwenye slipu, ila wapo waliogoma wanasema chama kinakula hela. Mwaka jana tumehangaika mpaka mkataba wa hali bora kati ya chama na mwajiri ukasainiwa, nauli ya shifti ya usiku ikapanda, wakapata wote. Sasa mmoja wao kaitwa kikao cha nidhamu, kanipigia usiku analia nikamtetee. Ni lazima niende?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Inauma, naelewa. Ila nauli iache, ni haki yake. Chama chenye wanachama zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa hapo ndo kinatambuliwa kuwa msemaji pekee wa wote, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 71, inasema huo mkataba unawahusu hata wasio wanachama. Na afadhali iwe hivyo, maana mwajiri akipata watu wa kuwalipa pungufu, kesho nyie mnaolipwa vizuri ndo mtaonekana mzigo.

Kikao ni habari nyingine. Kanuni za ajira za 2007 zinampa haki ya kwenda na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake, kwa hiyo hata ukikataa anaweza kumchukua jirani yake wa kwenye mashine. Wenzetu Marekani, chama kinachosemea wote kinabanwa kumtetea hata asiyechangia, na tangu hukumu ya Janus ya Mahakama Kuu ya juu kabisa ya huko, 2018, wafanyakazi wa serikali wasio wanachama hawakatwi kitu bila ridhaa yao. Sisi tuna kifungu cha 72, ada ya uwakala: mnakubaliana na mwajiri, asiye mwanachama anakatwa kiasi kisichozidi ada yenu, halazimishwi kujiunga, na hela inakaa akaunti ya pembeni inayosimamiwa na chama, haiendi kwenye siasa. Matawi mengi yananung'unika tu wakati hii ipo, kaeni na mwajiri muidai.

Mimi ningekuwa wewe ningeenda. Mwambie alete barua ya tuhuma uangalie tarehe na saa aliyoipokea, muda wa kujiandaa kwa kawaida usipungue saa 48, kama kapewa jana jioni na kikao ni leo asubuhi omba kiahirishwe hapohapo na iandikwe kwenye muhtasari. Fomu ya kujiunga usimpe siku hiyo, mtu anatetemeka, mpe wiki inayofuata.