Fidla kwa Binti, Udi kwa Mama

SWALI: Assalamu alaykum, Mhariri. Binti yangu wa miaka 8 ameshikilia kwamba anataka kujifunza fidla, na tumempata mwalimu aliye tayari kuja nyumbani mara moja kwa wiki. Baba yake anataka tununue fidla ya watu wazima moja kwa moja, ili tusiingie gharama mara mbili. Nami, nikiwa na miaka 43, nimetamani kupiga udi tangu usichana wangu, ila naona haya kuanza sasa. Tufanyeje? – Mama wa Watoto Wawili, Tanga.

JIBU: Waalaykumu salaam, dada yetu. Naanza na fidla, kwa kuwa hapo ndipo pesa zinapoweza kupotea bure. Fidla hutengenezwa kwa vipimo: ya watu wazima huandikwa 4/4, kisha hushuka hadi 3/4, 1/2, 1/4 na ndogo zaidi, na mtoto wa umri wa binti yako mara nyingi hufaa ya 1/4 au 1/2, kulingana na urefu wa mkono wake. Mwombeni mwalimu ampime kabla hamjanunua chochote. Mtoto huiweka fidla begani, akanyoosha mkono wa kushoto, na vidole vyake vinapaswa kukishika kichwa cha fidla huku kiwiko kikiwa bado kimekunjika kidogo. Fidla inayomzidi kimo humfanya apandishe bega na kupinda kifundo cha mkono ili azifikie nyuzi, na mazoea hayo yakishamkaa mwilini, kuyaondoa ni kazi ya miaka. Hoja ya baba yake naielewa. Lakini tafuteni iliyokwisha kutumika, nanyi muiuze atakapokua.

Kuhusu mwalimu, vyeti ni vizuri, ila mimi ningemsikiliza zaidi dakika tano za mwisho za somo. Mwulize: mtoto afanye nini hadi wiki ijayo? Akijibu kwamba aendelee tu kupiga, tafuteni mwingine. Mwalimu anayejua kazi yake atakuonyesha mstari mmoja wa wimbo, atasema upigwe polepole, upinde uvutwe wote, na ataeleza ni kosa gani la kuangalia. Saa moja ya somo ni ndogo mno kumfanya mtoto kuwa mpigaji; kinachomjenga ni zile siku sita ambazo mwalimu hayupo, na dakika 15 za kila siku zitamfaa kuliko saa mbili za haraka usiku wa kuamkia somo. Kwa hiyo kaa naye sebuleni wakati wa somo, ukiwa na daftari. Utakuwa umemlinda mwanao, na utajua la kumkumbusha kesho yake. Shinichi Suzuki, mwalimu wa fidla wa Kijapani aliyefariki mwaka 1998, alifanya kuhudhuria kwa mzazi kuwa sehemu ya ufundishaji wake, na hata alitaka mzazi ajifunze kwanza kupiga kidogo.

Hapo nafika kwenye udi wako. Hujachelewa hata kidogo, na nasema hivyo kwa dhati. Vidole vya mtu mzima huchelewa kutii, lakini mtu mzima huelewa anachoelezwa na hujua kwa nini amekaa pale. Kinachowakatisha tamaa wengi ni kutaka wimbo mzima mwezi wa kwanza. Kubali kuanza na risha peke yake, yaani kile kipande chembamba cha kupigia nyuzi, ukipiga nyuzi wazi bila kuzibana kwa vidole hadi kifundo cha mkono kilegee na sauti itoke sawasawa. Jifunze ana kwa ana kwa mpigaji wa taarabu, kwa kuwa shingo ya udi haina vigawanyo vya kuongoza vidole, na maqamu, yaani mipangilio ya sauti ya muziki wa Kiarabu, kama Rast na Bayati zina sauti zinazoangukia katikati ya vibonyezo vya kinanda, ambazo ni sikio tu litakalokufundisha. Tanga ni mji uliolea vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star. Waulize wazee wa taarabu hapo kwenu kabla hujafikiria kuvuka kwenda Zanzibar, kwenye Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilichoanzishwa mwaka 2001.

Mkishanunua, msivitundike vyombo karibu na dirisha. Upepo wa bahari hushikisha kutu nyuzi za chuma, na unyevu hulegeza gundi. Vipanguseni kwa kitambaa kikavu kila baada ya mazoezi, kisha virudishwe kwenye makasha yake.