Maswali yenu: Maiki umepewa, wazo unalo, sasa unaanzia wapi?

Mwezi huu meseji zenu karibu zote zimeegemea upande mmoja, yaani watu waliobuni kitu au walioanzisha jambo mtaani kwao na sasa wameitwa wakalieleze mbele ya watu. Nimefurahi sana kuzisoma, maana miaka mingi wanaopewa maiki ni walewale wa suti na cheo na yule aliyechafuka mikono anakaa nyuma anapiga makofi. Nimechagua tano, nimezifupisha kidogo.

Dada habari za kazi. Mi ni fundi wa kujifunzia mtaani, shule niliishia katikati. Nimetengeneza pampu ya kuvuta maji kwa kukanyaga kama baiskeli, majirani wanaitumia. Nimealikwa nikaongee dakika kumi kwenye mkutano wa wabunifu, watakuwepo wasomi na watu wa makampuni. Kiingereza changu cha kuungaunga na nikisimama mbele ya watu ulimi unakuwa mzito. Niende au nimtume mtoto wa kaka yangu aliyesoma?

Nenda wewe kaka. Huyo kijana akushikie tu kompyuta.

Nikupe mfano. Mwaka 2007 TED, shirika la Marekani linaloandaa mikutano ya watu kueleza mawazo yao kwa hotuba fupi, walifanya mkutano wao Arusha, na akapanda jukwaani kijana wa Malawi wa miaka 19 anaitwa William Kamkwamba. Huyu shule ilimshinda baada ya njaa ya 2001 na 2002 maana nyumbani ada haikuwepo, akawa anaenda maktaba, akakuta picha ya vinu vya upepo kwenye kitabu, akaanza kuokota vyuma chakavu, feni ya trekta, baiskeli mbovu, mpaka akasimamisha kinu kikawasha taa nyumbani kwao. Sasa siku ile ya Arusha hakutoa hotuba kabisa. Alikuwa na woga mwingi, mwenyewe alikuja kulisema hilo miaka miwili baadaye, kwa hiyo Chris Anderson, mkuu wa TED wakati ule, akawa anamuuliza maswali mafupi na yeye anajibu kwa kifupi, Kiingereza cha kukatika katika, dakika chache tu wakamaliza. Kikubwa alichosema ni kwamba alijaribu na akaweza, na ukumbi ulimshangilia.

Kwa hiyo na wewe waombe waandaaji wakufanyie mahojiano badala ya hotuba. Si aibu hata kidogo, mtu anakuuliza, we unamwangalia yeye na wala si watu mia mbili, ulimi unalegea. Ukitaka kuongea kwa lugha yako ongea, waombe mkalimani, ila hapa kuna kitu wengi wanakisahau, kila sentensi yako inasemwa mara mbili kwa hiyo dakika kumi zako zimekuwa tano. Andaa ya dakika tano.

Halafu useme nini. Mi hapa nampenda sana Richard Turere, mtoto wa Kimasai aliyekuwa anachunga ng'ombe wa baba yake jirani na mbuga ya Nairobi, aliyepanda jukwaa la TED mwaka 2013 akiwa na miaka 13 kueleza taa zake za kufukuza simba. Angalia alivyopanga maneno. Ameanza na simba kuua ng'ombe wa nyumbani kwao. Akasema alijaribu moto, haukusaidia, kumbe ulikuwa unawamulikia simba zizi. Akajaribu sanamu la kutisha, siku ya kwanza simba wakaondoka, siku ya pili wakaona mbona hiki kitu hakitingishiki, wakaingia. Ndipo usiku mmoja anazunguka zizi na tochi simba hawakuja, akagundua wanaogopa mwanga unaotembea. Akachukua betri ya gari, sola, kile kidude kinachowashawasha indiketa ya pikipiki na balbu za tochi mbovu, akafunga taa zikawa zinapepesa zenyewe usiku kucha. Ona ametumia muda kiasi gani kwenye yaliyogoma. Yale ndiyo yaliyofanya tuamini lililokubali, maana kila aliyewahi kutengeneza kitu anajua jaribio la kwanza halikubali.

Na wewe fanya hivyohivyo, tuambie pampu ya kwanza ilivuja wapi, ya pili mnyororo ulikatikia wapi. Pampu yenyewe ibebe uipandishe jukwaani, mtu aikanyage maji yatoke, kuliko slaidi 30. Usikariri neno kwa neno, ukikariri ukasahau neno moja yote yanaporomoka, kariri sentensi ya kwanza na ya mwisho basi, katikati simulia kama unavyomsimulia mteja. Ila fanya mazoezi kwa sauti, umesimama, saa ya simu inahesabu, mara sita saba, na mbele ya mtu asiyejua lolote kuhusu pampu. Akikuuliza swali katikati hapo ndipo penye shida, parekebishe.

Mwanangu, mimi ni mwalimu mstaafu. Sina kifaa chochote, tuna kikundi tu cha akina mama tunasafisha mfereji uliokuwa jalala, mwaka wa tatu sasa. Vijana wa chuo wamenialika kwenye mambo yao ya mawazo mapya, nikawaambia mimi sina wazo jipya. Nimekosea?

Shikamoo mama. Umekosea kidogo, naomba uniruhusu niseme.

TED walipoanza kuweka hotuba zao bure kwenye intaneti, Juni 2006, za mwanzo kabisa zilikuwa sita tu. Moja ya hizo sita ni ya Majora Carter, mama wa South Bronx, New York, na hadithi yake mama inafanana na yako mpaka nilipoisoma meseji yako nikasimama. Alikuwa anamtembeza mbwa wake, mbwa akamvuta kwenye kile alichodhani ni jalala jingine tu la mtaa, kumbe mwisho wa takataka zile kuna mto. Alianza na ruzuku ya dola 10,000, kidogokidogo ikavutia nyingine mpaka ikajengwa bustani ya dola milioni tatu kando ya mto uleule. Hakuna mashine pale. Wazo lake lilikuwa kwamba watu wanaokaa penye uchafu ndio waitwe mezani wakati wa kupanga, na alilisema wazi jukwaani mbele ya wakubwa.

Sasa mama, miaka mitatu watu wanajitokeza bila mshahara, hilo vikundi vingi limewashinda. Nyie mlifanyaje? Mnapangana vipi zamu, anayekosa mnamfanya nini, aliyekuwa anatupa taka mlimwendea mkamwambia nini mpaka akaacha? Hayo ndiyo tunayoyataka kusikia. Picha ya mfereji ya zamani na ya leo zilizopigwa kutoka sehemu ileile zinatosha, huhitaji slaidi nyingine. Na usiende peke yako, chukua na mmoja wenu, mgawane dakika.

Bro/sister, nimetengeneza kifaa sijawahi kuona popote. Nikikieleza jukwaani si wataiba? Na nikikataa kuongea nani atanijua?

Swali zuri na naomba usome hili taratibu kwa sababu watu wanaumia hapa.

Hataza, wengine mnaita patenti, inatolewa kwa kitu ambacho ni kipya siku unayopeleka maombi. Kipya maana yake hakijawekwa wazi kwa umma popote, na anayekiweka wazi anaweza kuwa wewe mwenyewe. Ukisimama jukwaani ukaeleza kifaa kinavyofanya kazi, video ikarushwa, umeshakiweka wazi, na unaweza kukosa hataza kwa mdomo wako. Sheria zinatofautiana, Marekani wanakupa mwaka mmoja baada ya kukitangaza uwe umepeleka maombi, lakini kwenye ofisi ya hataza ya Ulaya muda wa namna hiyo kwa kawaida haupo, ukishasema umesema. Kwa hiyo kabla ya siku ya kuongea, nenda ofisi ya hataza ya nchi yako uulize, na kama unataka kuomba, omba kwanza halafu ndo upande jukwaani. Kumbuka pia hataza inalinda kwenye nchi ulikosajili tu, na kwa kawaida ni miaka 20 tangu siku ya maombi, haikufuati duniani kote.

Kama maombi hayajaenda na mwaliko ni wiki ijayo, bado unaweza kuongea. Eleza shida, eleza matokeo, onyesha kifaa kikiwa kimefungwa, ila cha ndani kinavyozunguka usikiguse. Mtu akija baadaye anataka undani, mkae na mkataba wa kutunza siri ulioandikwa na kusainiwa. Na wazo tupu, yaani "ingekuwa vizuri kama kungekuwa na kitu fulani", hilo halina ulinzi wowote. Hata hakimiliki inalinda ulivyolieleza, wazo lenyewe hapana.

Ila jiulize pia kama kweli unataka kulifungia. CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kule Ulaya, tarehe 30 Aprili 1993 waliiachia teknolojia ya wavuti, huu tunaotumia wote kila siku, itumike na yeyote bila malipo, na ndiyo maana ulisambaa vile. Kama kifaa chako ni cha kuokoa watu na huna kiwanda, pengine furaha yako itakuwa kuona kimeigwa mitaa kumi. Kama ndicho kitakachokulisha, basi linda kwanza. Mi siwezi kukuchagulia hapo.

Tupo vijana wanne tunataka kuandaa jukwaa la wabunifu wa mtaani kwetu. Tutumie jina la TEDx? Na kuna jukwaa moja limetuambia wazungumzaji wetu walipie ndo wapewe nafasi, ni kawaida?

La pili kwanza, hapana. Mzungumzaji anayelipia dakika zake amenunua tangazo, na watazamaji hawajaambiwa. Kaeni mbali.

TEDx, yaani mikutano ya mtindo wa TED inayoandaliwa na watu wenyewe kwao, ilianza 2009, na ni ya leseni, huwezi kujibandikia tu. Leseni yenyewe haina malipo ila unaomba, unajieleza, unasubiri, na ina masharti. Wazungumzaji hawalipwi na hawalipi, hakuna kuuza bidhaa wala kampeni ya siasa wala mahubiri ya dini jukwaani, hotuba isizidi dakika 18, na kama mwandaaji hajawahi kuhudhuria mkutano mkubwa wa TED basi watazamaji wasizidi 100. Mnaona wenyewe, ni kazi.

Ushauri wangu, mara ya kwanza msihangaike na jina la mtu. Kuna mitindo mingine ya kujifunzia. Ule wa PechaKucha ulioanzia Tokyo mwaka 2003 ni slaidi 20, kila moja sekunde 20, inajibadilisha yenyewe, kwa hiyo kila mtu anamaliza kwa dakika 6 na sekunde 40 atake asitake. Mnaona faida yake, hakuna ugomvi wa kumnyang'anya mzee maiki. Wazungumzaji watano sita wanatosha. Kaeni na kila mmoja wiki tatu kabla mumsikilize, kwa sababu mtu mwenye kazi nzuri kuliko wote mara nyingi ndiye asiyejua kuielezea na akiachwa peke yake anazama. Pesa mkikosa ya mapambo msilie, lakini spika na maiki msifanye mchezo navyo, nimeshakaa kwenye ukumbi mama wa watu anaeleza kitu cha maana kabisa na sisi wa nyuma hatukusikia hata sentensi moja, iliniuma sana. Na wekeni muda mrefu wa mapumziko, dakika arobaini hivi, huko ndiko fundi anakutana na mwenye karakana.

Niliongea mwaka jana, watu walisimama kupiga makofi, video ipo. Mpaka leo hakuna hata mmoja aliyenitafuta. Nimekata tamaa.

Pole sana ndugu yangu, na hili halisemwi vya kutosha. Nimeiangalia video yako. Umeeleza vizuri mpaka mwisho, halafu ukasema asanteni ukashuka. Hukutuambia unahitaji nini. Mtu aliyeguswa pale alirudi nyumbani hajui akufanyie nini, na kesho yake ana mambo yake.

Kamkwamba alipoulizwa Arusha alisema ana mpango wa kujenga kinu kingine kikubwa zaidi cha kusukuma maji na kumwagilia shamba. Kitu kimoja, kinachoeleweka. Waliokuwepo walijua pa kushika, wakamsaidia, akarudi shule, na mwaka 2014 akamaliza chuo cha Dartmouth Marekani. Sisemi kila mtu itakuwa hivyo, wengi haiwi. Lakini ombi lazima liwepo, na liwe dogo la mtu wa kawaida kuweza kulibeba, mfano "natafuta mtu mwenye mashine ya kuchomelea anikaribishe siku mbili kwa wiki", badala ya "naomba wadau mtushike mkono".

Kwako bado haijapoa. Waandikie waandaaji leo, waombe wakuunganishe na waliohudhuria, wengi wana orodha ya usajili hata kama hawawezi kukupa namba za watu, watakusambazia ujumbe. Andika mistari mitano tu: nilikuwa nani jukwaani, tangu siku ile nimefika wapi, nahitaji kitu gani kimoja, kwa muda gani, nipatikane wapi. Video iweke chini ya hiyo mistari. Ukishatuma niandikie tena unijulishe nani amejibu, hata akiwa mmoja.