Jalada kwanza, hoja baadaye: kwa wanasheria wanaoanza mashauri ya haki katika ngazi ya Afrika

Wanasheria vijana wanaojiunga na taasisi kama IHRDA ya Banjul, Gambia, shirika huru lisilo la kiserikali lililoanzishwa 1998 na linalosaidia kuendesha mashauri ya haki za binadamu barani kote, huja na hamu ya kuandika hoja nzito. Hamu hiyo ni njema. Tatizo ni kwamba shauri linaweza kufia mlangoni, kwenye masharti saba ya kifungu cha 56 cha Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, kabla hoja hizo hazijasikilizwa.

Anza na kujua unagonga mlango upi. Kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Banjul, mtu au shirika lolote linaweza kuwasilisha malalamiko dhidi ya nchi iliyoridhia Mkataba, hata kama mlalamikaji si mwathirika mwenyewe. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ni habari nyingine. Nchi lazima iwe imeridhia Itifaki ya 1998 iliyoianzisha Mahakama hiyo, na pia iwe imetoa tamko la kifungu cha 34(6) linaloruhusu watu binafsi na mashirika kuishtaki moja kwa moja. Shirika nalo liwe na hadhi ya mwangalizi mbele ya Tume. Rwanda iliondoa tamko lake 2016. Tanzania ilifanya hivyo Novemba 2019, na likakoma rasmi Novemba 2020. Kwa hiyo Mtanzania anayekujia leo, mlango wake ni Tume. Usimwandalie karatasi za Arusha.

Linaloua mashauri mengi ni nafuu za ndani, yaani sharti la kumaliza kwanza njia za kisheria za nchini mwako. Kabla ya kuandika aya moja ya hoja, chora jedwali: mahakama gani, namba ya kesi, tarehe ya kufungua, nini kiliombwa, nini kiliamuliwa, tarehe ya uamuzi, na kiambatisho namba ngapi. Kila mstari uwe na nakala iliyothibitishwa. Pale ambapo masijala haijatoa nakala ya hukumu au mwenendo wa kesi, andika barua ya kuomba, peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na ubaki nayo. Barua hiyo yenye muhuri ndiyo ushahidi wako kwamba ucheleweshaji si wa mteja. Kusema tu kwamba “mahakama za kwetu hazitendi haki” hakusaidii kitu.

Si lazima umalize kila njia iliyoandikwa vitabuni. Katika shauri la Jawara dhidi ya Gambia, Tume ilisema nafuu lazima iwepo, ifanye kazi na itoshe. Katika Alex Thomas dhidi ya Tanzania (2015), Mahakama iliona kwamba marejeo ya hukumu katika Mahakama ya Rufani na maombi ya kikatiba Mahakama Kuu, kwa mazingira ya kesi ile, ni njia za ziada ambazo mwombaji halazimiki kuzipitia. Lakini shauri la Peter Chacha dhidi ya Tanzania lilikataliwa na Mahakama hiyo hiyo 2014 kwa sababu hakumaliza nafuu za ndani. Soma maamuzi hayo mawili sambamba. Yanafundisha kuliko kitabu chochote cha mwongozo. Watoto wa Kinubi wa Kenya walivuka kizingiti hicho mbele ya Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki za Mtoto, 2011, kwa sababu kesi yao ya nyumbani ilikuwa imekwama miaka kwenye taratibu za awali, na mlolongo huo ulikuwa umeandikwa.

Halafu muda. Mkataba hautaji idadi ya miezi, unasema tu “muda unaofaa”. Usijifariji na hilo: katika Majuru dhidi ya Zimbabwe, miezi 22 ilionekana mingi mno. Lenga miezi sita tangu uamuzi wa mwisho. Ukizidisha, eleza kwa vielelezo: mteja alikuwa gerezani, mgonjwa, hakuwa na wakili.

Lugha ya matusi dhidi ya serikali ni sababu tosha ya kukataliwa, kwa hiyo andika tendo, tarehe na jina la kituo cha polisi, sifa mbaya uziache. Habari za magazeti zinaruhusiwa mradi zisiwe msingi pekee; ambatisha hati za kiapo. Mteja anayeogopa anaweza kuomba jina lake lifichwe, ila malalamiko yenyewe lazima yaonyeshe mwandishi wake.

Mwisho ni maombi, yaani nafuu unazotaka uamuzi ukupe, sehemu ambayo wengi huiandika usiku wa manane kwa haraka. Ni kosa kubwa. Waendorois, jamii ya Kenya iliyodai ardhi yake, walishinda mbele ya Tume dhidi ya Kenya, na uamuzi wao ukaidhinishwa 2010, lakini utekelezaji ukasuasua kwa miaka. Omba mambo yanayopimika: sheria ipi irekebishwe, ardhi ipi irudishwe kwa mipaka ipi, fidia kiasi gani na kwa vielelezo gani vya hasara. Tume inaipa serikali siku 180 kueleza ilichotekeleza. Hesabu siku hizo kwenye kalenda tangu serikali ilipoarifiwa, na barua yako ya kukumbusha iwe tayari siku ya 181.