Simu Ikitumbukia Majini: Kidole Gumba na Mshale wa Pili

Simu ikitolewa kwenye ndoo ya maji, mkono hufanya jambo moja kabla akili haijafika: kidole gumba hukimbilia kitufe cha kuwashia. Mwenye simu anataka kujua kama bado ni nzima. Hamu hiyo ya sekunde tatu inaweza kuua simu ambayo maji peke yake yangeiacha hai. Ndiyo maana ushauri wa fundi na mafundisho ya Kibuddha juu ya akili iliyoshtuka yamewekwa hapa pamoja; yote mawili yanashughulika na kidole hicho kimoja.

Maji hayana haraka ya kuharibu kitu kilichozimwa. Umeme ukipita ndipo mambo hubadilika. Maji ya bomba na ya kisima yana chumvi na madini, kwa hiyo yanapitisha umeme. Betri ya simu hutoa volti 3.7 hadi 4.2 hivi. Mwili wa mtu hauhisi chochote kwa kiasi hicho, lakini kinatosha kuila shaba ya upande mmoja wa bodi na kuihamishia upande wa pili. Ile kutu ya kijani anayoikuta fundi akifungua simu huanzia hapo. Tone moja likiunganisha sehemu mbili zisizopaswa kugusana, shoti inapiga, na chipu ndogo kama punje ya mtama inaungua.

Kama simu ilikuwa kwenye chaji ilipodondoka, usiiguse. Zima soketi ukutani kwanza, kisha chomoa waya. Simu ikishatoka majini na bado inawaka, izime. Skrini ikikataa kutii kidole kwa sababu imelowa, ifute kwa kanga kavu ujaribu tena. Kama imeshajizima yenyewe, iache ilivyo. Vua kava. Toa trei ya laini pamoja na laini zote na memori kadi, na kama ni simu ya betri ya kuchomoka, betri itoke mara moja. Ishike tundu la chaji likiangalia chini, uigonge taratibu kwenye kiganja mpaka matone yakome. Usiipulize kwa mdomo, kwa sababu pumzi inasukuma maji ndani zaidi na yenyewe ina unyevu. Usichokonoe tundu kwa njiti wala pamba: njiti inapinda pini, pamba inaacha nyuzi.

Baada ya hapo iegemeze mbele ya feni, tundu likiwa chini, kwa saa 24 angalau, na saa 48 kama ilizama yote. Kinachokausha ni hewa inayopita. Joto kali halisaidii: jua la mchana, mdomo wa jiko na mashine ya kukaushia nywele hulegeza gundi inayoziba kingo za simu na kuitesa betri. Ukiwa na vile vipakiti vya chembe za kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu na mikoba, kusanya kumi au zaidi, vifungie pamoja na simu kwenye kopo lenye mfuniko baada ya saa chache za feni. Inafaa kuanza kuviweka akiba leo, maana siku ya ajali havipatikani.

Mchele uache jikoni. Mwezi Januari 2024 kampuni ya Apple iliwaambia wateja wake wazi kwamba wasiitie iPhone kwenye mfuko wa mchele, kwa kuwa chembe zake zinaweza kuiharibu. Ule unga mweupe wa mchele huingia kwenye tundu la chaji na kwenye spika, na ukikutana na maji unakuwa uji. Wapo wengi wanaoapa kwamba mchele uliwaokolea simu. Tazama vizuri kilichofanyika: simu iliyofukiwa kwenye mchele ililala siku mbili bila mtu kuiwasha. Kuachwa huko ndiko kulikoiponya, na hata juu ya meza kavu ingepona.

Aina ya maji ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Maji ya bahari yana chumvi gramu 35 hivi kwa kila lita. Yakikauka ndani ya simu chumvi inabaki, inavuta unyevu wa hewa, na kutu inaendelea. Chai ya maziwa na soda huacha sukari inayonata. Simu iliyoanguka baharini au kuloweshwa na chai, ikiwa imeundwa kuhimili maji na haijapasuka, isuuze kwa maji safi ya bomba kidogo ikiwa imezimwa na trei ya laini ikiwa mahali pake, ndipo uikaushe. Watu huogopa hatua hii kwa sababu inaonekana kama kuongeza kosa juu ya kosa, lakini maji safi ni rahisi kukausha kuliko chumvi. Simu isiyo na kinga hiyo usiisuuze mwenyewe. Ipeleke kwa fundi siku hiyohiyo.

Na usiitegemee sana hiyo kinga. Alama ya IP67 maana yake simu ilijaribiwa kwenye maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. IP68 ni kina au muda zaidi, kwa kadiri mtengenezaji alivyotaja. Majaribio hayo hufanywa kwa maji ya kawaida yasiyo na chumvi wala sabuni, na simu ikiwa mpya. Simu iliyowahi kudondoka au kufunguliwa ili ibadilishwe kioo, mpira na gundi yake si ile tena.

Sasa kile kidole. Katika mkusanyo wa kale wa mafundisho ya Buddha uitwao Samyutta Nikaya kuna hotuba fupi juu ya mshale. Mtu asiyefundishwa akipatwa na maumivu ni kama aliyechomwa mshale mmoja, halafu papo hapo akachomwa wa pili. Wa kwanza ni maumivu yenyewe. Wa pili ni kile ambacho akili inaongeza: kulia, kujilaumu, kukataa kwamba jambo limetokea. Aliyefundishwa naye huchomwa na mshale wa kwanza, ila wa pili haumpati.

Kwa kawaida mshale wa pili hauonekani, unakaa moyoni. Kwenye ajali ya simu unaonekana kwa macho: ni kile kidole kinachobonyeza kitufe, ni ule waya wa chaji unaochomekwa baada ya dakika tano "kuangalia tu". Akili imeshindwa kukaa na kutojua, ikaamua afadhali kujua hata kwa kuharibu. Kwa hiyo zoezi ni dogo sana na lina mahali pake maalumu. Ukishazima simu na kutoa laini, kabla ya kufanya lingine lolote, weka mikono yote miwili juu ya meza na ufuate pumzi tatu kamili, kuingia na kutoka. Pumzi ikiwa fupi, jua kwamba ni fupi. Usijilazimishe kutulia. Taja kimyakimya kilichopo: "hofu", "hasira", "nataka kujua". Hamu ya kuwasha itapanda, itafika kileleni, itashuka. Inarudi tena baada ya saa moja, hivyohivyo, na usiku utakapogeuka kitandani kutafuta simu. Kila mara itaje, usiifuate.

Zoezi hili halimtaki mtu abadili dini. Mwislamu au Mkristo anayeijua subira hatalikuta geni. Anayependa kujifunza kukaa kwa mwongozo, Dar es Salaam lipo hekalu la Kibuddha pale Upanga, lililoanzishwa na watu wa Sri Lanka mwanzoni mwa karne ya 20, na karibu na Entebbe kipo Kituo cha Wabuddha cha Uganda, kilichoanzishwa mwaka 2005 na mtawa Mganda, Bhante Buddharakkhita.

Mara nyingi aliyedondosha simu ni mtoto, na hapo mshale wa pili unarushwa kwa mtu mwingine. Kauli sahihi ni mojawapo ya sehemu nane za njia aliyoifundisha Buddha, na kipimo chake kinafaa dakika hiyo: neno ninalotaka kusema ni la kweli, lina faida, na huu ndio wakati wake? "Umeharibu simu" bado si kweli. Hakuna anayejua mpaka kesho kutwa. Mpe mtoto kazi: alete kanga kavu, ashike laini zisipotee, ahesabu matone. Atakumbuka hatua hizo maisha yake yote, na siku nyingine atakimbilia kukuambia badala ya kuificha simu iliyolowa chini ya mto, jambo ambalo ndilo baya kuliko yote.

Zile saa 48 zina mambo yake ya vitendo. Laini huvumilia maji. Ifute, iache ikauke saa moja, itie kwenye kitochi. Simu za benki, ujumbe wa pesa na namba za uthibitisho zote zitaingia humo. Waambie watu wawili au watatu wa karibu kwamba uko kwenye kitochi, ili ukimya wako usiwape wasiwasi. Mazungumzo ya WhatsApp kwenye Android hujihifadhi kila siku saa 8 usiku, lakini nakala hiyo inakaa ndani ya simu ileile iliyolowa. Kinachookoa ni nakala ya Google Drive, ambayo lazima uwe umeiwasha mapema kwenye mipangilio. Kama ulichagua kuifunga nakala kwa nywila, nywila hiyo iandikwe kwenye karatasi nyumbani.

Watu wengi siku hizi wameweka malengo yao ya mwaka ndani ya simu: programu ya kuhesabu hatua, ya kufunga kula, ya kujifunza lugha, yenye kuonyesha siku 86 mfululizo bila kukosa. Simu ikilala siku mbili, hesabu inakatika, na mtu anaacha kutembea kabisa kwa sababu "imesharudi sifuri". Lengo lilikuwa kutembea. Hata zile hatua 10,000 zilipata umaarufu kutokana na jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, Manpo-kei, yaani kipima hatua elfu kumi. Namba hiyo nzuri ilitoka sokoni, hivyo huna sababu ya kuihuzunikia. Toka nyumbani saa 12 asubuhi, tembea dakika 15 kwenda, geuka, rudi. Saa ya ukutani inatosha. Kwenye daftari andika tarehe na neno moja, "nimetembea". Ukikosa siku, acha mstari mtupu na uendelee chini yake.

Juu ya juhudi yenyewe kuna kisa cha mtawa Sona, kijana wa ukoo tajiri, aliyefanya zoezi la kutembea kwa bidii mpaka nyayo zikatoka damu, kisha akaanza kufikiria kurudi kwao. Alikuwa mpigaji wa vina, chombo cha nyuzi cha Kihindi. Buddha akamuuliza: nyuzi zikikazwa mno, chombo kinalia vizuri? Zikilegea mno je? Sona aliyajua majibu kwa vidole vyake mwenyewe. Lengo la dakika 30 linalokushinda mara nne kwa wiki limekazwa mno. Lipunguze liwe 12, lishike wiki tatu, ndipo uongeze 3. Lengo ambalo hulikumbuki mpaka simu ikukumbushe limelegea.

Baada ya siku mbili, chungulia kwanza ndani ya nafasi ya trei ya laini kwa tochi. Simu nyingi zina kialama cheupe humo ambacho hugeuka chekundu kikiguswa na maji. Kikiwa chekundu, au kioo kikiwa na ukungu kwa ndani, usiwashe. Nenda kwa fundi. Muulize mambo matatu kabla hamjakubaliana bei. Atakata betri kwanza kutoka kwenye bodi? Ataosha kwa nini? Jibu linalotakiwa ni alkoholi ya isopropili ya asilimia 99 na brashi laini. Sanitaiza ya mikono haifai kwa sababu ina gliserini inayobaki. Atafungua vile vibati vinavyofunika chipu? Maji hujificha chini yake. Fundi anayepuliza bodi kwa joto tu na kuirudisha ameikausha bila kuisafisha, na kutu itarudi baada ya wiki kadhaa.

Kama kialama ni cheupe na kioo ni safi, washa bila kuchaji. Ikiwaka, usiguse ujumbe uliokusubiri. Iunganishe na Wi-Fi, tuma nakala ya WhatsApp, kisha majina ya watu, kisha picha, kwa mpangilio huo, kwa kuwa simu iliyolowa inaweza kukaa sawa siku kumi halafu ikazima bila kuaga. Chaji ije mwisho, mchana ukiwa macho, juu ya kigae au sahani ya udongo na si kitandani. Shika mgongo wake kila baada ya dakika kumi. Ikipata joto la kukufanya uondoe mkono, au mgongo ukianza kuinuka, chomoa, izime, usiibonyeze wala kuitoboa betri, ipeleke kwa fundi aitoe. Ikipita salama, andika tarehe ya nakala uliyotuma kwenye daftari, ukurasa uleule wa matembezi.