Tabu Isiyopigiwa Picha: Maswali Yenu na Majibu Yangu

Tangu niandike kwamba mwili na moyo hukomaa kwa kuzoeshwa tabu kidogo kidogo, vijana wameniletea barua wakinihesabia tabu zao kama mtu anayehesabu medali. Wachache wameuliza maswali magumu zaidi, na nimewapa hao nafasi kubwa. Barua nimezifupisha.

Kaka, nina miaka 23. Kwa miezi miwili sasa naamka alfajiri naoga maji ya baridi kupita kiasi. Wenzangu wanasema ndiyo njia ya kuwa mwanaume. Sioni kilichobadilika zaidi ya kutetemeka. Niendelee?

Mdogo wangu, macho yako yanaona vizuri. Maji ya baridi yakikugusa ghafla, pumzi hukatika, unaanza kuhema ovyo na moyo unakwenda mbio. Ukali wake uko katika nusu dakika ya kwanza, kisha hupungua. Ukirudia siku kadhaa, mwili unazoea na ule mshtuko unapoa. Hapo kuna funzo la kweli: hofu ina kilele, na kilele hupita ukikaa palepale. Ila ukishalijua, umelijua. Huhitaji kulisoma tena kila alfajiri.

Uholanzi kulifanyika jaribio, matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Watu zaidi ya 3,000 walishiriki. Baadhi wakatakiwa kumalizia kuoga kwa maji ya baridi kwa sekunde 30, 60 au 90, siku 30 mfululizo. Walioguswa na baridi walikosa kwenda kazini kwa sababu ya ugonjwa pungufu kwa asilimia 29 kuliko wengine. Lakini siku za kuugua zenyewe hazikupungua. Kwa maneno mengine, waliugua kama wengine, ila waliondoka nyumbani wakaenda kazini na mafua yao. Sijui kama wenzao waliokaa nao meza moja walifurahi. Tena sekunde 30 zilifanya kazi sawa na 90, kwa hiyo anayejisifu kwa dakika kumi anajisifu bure.

Kama unanyanyua vyuma, usikimbilie kuzama kwenye maji ya baridi mara tu baada ya mazoezi, maana hupunguza ukuaji wa misuli. Na mwenye maradhi ya moyo au presha aongee na daktari kwanza.

Ukipenda, endelea. Lakini maji hayakukasirikii wala hayakukatai, na ukitoka bafuni kuna wa kukupigia makofi. Nani hujampigia simu mwaka mzima kwa sababu unamdai msamaha, au yeye anakudai? Deni gani unalizunguka? Tafuta tabu ambayo huwezi kuipigia picha.

Nina miaka 41. Kila nikianza mazoezi naanza kwa moto, wiki ya tatu nimeacha. Nakosa nini?

Hukosi nguvu. Unakosa uvumilivu wa kuonekana mwanagenzi. Unataka kulipa deni la miaka kumi kwa wiki moja, mwili unagoma, kisha unaita huo mgomo uvivu.

Mazoezi yenyewe hayajengi misuli. Yanaipa sababu ya kujijenga, na ujenzi hufanyika ukiwa umepumzika na umelala. Maumivu ya misuli yanayokuja kesho yake na kukolea siku ya pili ni ya kawaida. Maumivu makali ndani ya kiungo, maumivu ya kifua, au mkojo kugeuka rangi nyeusi-nyeusi baada ya zoezi zito, hayo si ya kuvumilia. Acha, nenda hospitali.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na siku mbili au zaidi za kutia misuli nguvu. Kutembea kwa haraka kunahesabika. Kipimo chake ni rahisi: unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Na kuhusu wiki yako ya tatu, watafiti wa London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga mazoea mapya. Kwa wastani ilichukua siku 66 jambo kuwa la kujifanyia lenyewe, na wapo waliokadiriwa kuhitaji siku 254. Kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Wewe unaacha hata theluthi ya njia hujafika, kisha unajihukumu.

Basi fanya dakika kumi. Ukitaka kuongeza, jizuie kwa wiki mbili. Kwako wewe hiyo ndiyo tabu: kufanya kidogo na kurudi kesho. Bandu bandu huisha gogo, wenye shoka walishalijua hilo.

Mke wangu anasema katika miaka tisa ya ndoa sijawahi kumwomba msamaha. Mimi naona huwa naomba, kwa njia yangu. Baba yangu naye alikuwa hivyo na nyumba yake ilisimama.

Ndugu yangu, barua yako niliisoma mara tatu, kwa sababu ningeweza kuiandika mimi. Baba yangu hakuwahi kutamka neno hilo. Akikosea, alikuja mlangoni jioni akauliza kama nimekula. Nilijua maana yake. Lakini nilijua kwa kubahatisha, na nilipokuwa mtu mzima nikawafanyia wengine vilevile, nikashangaa kwa nini hawabahatishi.

Lugha yetu ina vichaka vingi vya kujificha. Kuna "pole", ambayo tunampa aliyejikwaa, aliyefiwa na aliyetoka kazini. Ukimwambia mkeo "pole" kwa jambo ulilofanya wewe, umelifanya kosa lako kama mvua: limenyesha tu, hakuna aliyelinyesha. Kuna "samahani", ambayo tunamwambia hata mtu tunayempita kwenye korido. Kuna "samahani kama nimekukwaza", na hiyo "kama" inamrudishia yeye kazi ya kuthibitisha. Na kuna mfalme wao wote: "basi, yaishe." Yaishe! Nani ayamalize? Anayesema yaishe mara nyingi ndiye aliyeyaanza, na sasa anatoa amri yafe bila mtu kuyazika.

Neno linalouma ni "nimekosa". Linauma kwa sababu linaanza na "ni". Kuna mtu ndani yake, naye ni wewe. Baada yake panahitajika jambo lenyewe, kwa jina lake: nimekosa kwa kukupazia sauti mbele ya wageni, nimekosa kwa kukuficha habari ya zile pesa. Bila "lakini na wewe". Ya kwake yataongelewa siku nyingine, na huenda akayaleta mwenyewe.

Mara ya kwanza nilipolisema, shingo ilikakamaa. Nilijisikia mdogo kwa kama dakika moja. Ile nusu dakika ya maji ya baridi ndiyo hiyohiyo, ila huku kuna mtu anakutazama. Usitegemee akukumbatie. Anaweza kukaa kimya, au akalia, au akakukumbusha mengine matano. Kaa hapohapo.

Kuhusu nyumba ya baba yako kusimama, muulize mama yako, kama yupo, ni nani aliyekuwa nguzo.

Nina miaka 48. Nguvu za kiume zimepungua. Nimekuwa nikinunua vidonge kimyakimya. Naona aibu kwenda kwa daktari.

Mficha uchi hazai, kaka, na safari hii si methali tu. Mishipa inayopeleka damu huko ni myembamba kuliko mishipa ya moyo: milimita moja hadi mbili, wakati ya moyo ni milimita tatu hadi nne. Mishipa ya mwili mzima ikianza kuziba, ile myembamba hulalamika mapema. Kwa hiyo tatizo lako laweza kuwa taarifa ya moyo iliyotangulia kwa miaka kadhaa, na wewe unainyamazisha kwa kidonge. Inaweza pia kuwa kisukari, presha, sigara, dawa unayotumia, au mawazo.

Na kuna hatari ya papo kwa papo. Vidonge hivyo vikikutana na dawa za naitreti, ambazo hupewa wenye maumivu ya kifua, shinikizo la damu linaweza kuporomoka hadi kuua.

Nenda upime presha, sukari na kolesteroli. Presha ikirudia kusoma 140/90 au zaidi, ni presha ya juu, hata kama hujisikii chochote. Na mara nyingi hutajisikia chochote. Kwa daktari sema sentensi moja tu, "nguvu za kiume zimepungua." Amesikia hiyo asubuhi hiyohiyo. Mkeo mwambie kabla hujaenda. Anajua tayari, na huenda anadhani ni yeye.

Rafiki yangu anasema mwanaume wa kweli hulala kwa saa nne tu. Ni kweli?

Hapana. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba. Huko Chicago vijana kumi wenye afya walilazwa saa tano tu kwa usiku kwa wiki moja, na testosteroni yao ya mchana, yaani homoni ya kiume, ikashuka kwa asilimia 10 hadi 15. Matokeo yalitolewa mwaka 2011. Rafiki yako anapunguza kile hasa anachojivunia.

Mimi ni mama. Mwanangu wa miaka 13 anaogopa kusimama mbele ya watu. Mjomba wake anasema asukumwe tu, samaki mkunje angali mbichi. Nisemeje?

Dada yangu, mwambie mjomba kukunja si kuvunja.

Ila nusu yake ana haki. Ukimwepusha mtoto na kila anachokiogopa, anapata nafuu kila anapokimbia, na nafuu hiyo inamfundisha kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa. Hofu hunenepa hivyo. Mwaka 1924 mwanasaikolojia Mary Cover Jones alieleza alivyomsaidia mtoto aliyemwogopa sungura. Mtoto alikuwa anakula anachokipenda, sungura akawekwa mbali chumbani, kisha akasogezwa taratibu siku hadi siku, mpaka mtoto akamshika mwenyewe.

Mpe ngazi. Asome ukurasa mbele yako, kisha mbele yako na mjomba, kisha rafiki wawili, kisha aulize swali moja darasani. Kila ngazi airudie mpaka ichoshe. Na mjomba asimcheke. Zaidi ya hapo, mjomba amsimulie siku aliyoogopa yeye. Naye akisema hana, msimulie wewe, unamjua tangu utotoni.

Rafiki yangu alijiua. Tulikuwa tunaonana kila wiki, tukicheka. Sikujua lolote. Sasa nataka kuwauliza wengine wana hali gani kweli, lakini naona aibu, na naogopa kuwatia wazo baya.

Pole sana, na hapa "pole" ni mahali pake.

Tumelelewa na "jikaze kisabuni". Sabuni ikikazwa sana huponyoka. Duniani, kiwango cha wanaume wanaojiua ni takribani mara mbili ya cha wanawake. Hukumkosea kwa kutojua. Alikuwa hodari wa kuficha, kama tulivyofunzwa wote.

Kumuuliza mtu waziwazi kama anawaza kujiua hakumtii wazo hilo. Kama lipo, kunampa pa kulitua. Muulize mkiwa mnatembea au mnafanya kazi ya mikono bega kwa bega. Wanaume wengi huongea vizuri wasipotazamana. Akisema "niko poa", uliza mara ya pili: "Poa kweli?" Swali la kwanza ni salamu. Akikubali kwamba anawaza, usimwache peke yake, ondoa karibu naye chochote cha kujidhuru, na mpeleke kwenye huduma ya afya siku hiyohiyo.

Na ukishauliza, nyamaza. Ukimya utakuwa mrefu, utatamani kuujaza kwa utani. Usiujaze. Anza na yule aliyekujia akilini ulipokuwa unaniandikia.